Tembe la Kwihara

Kwihara ni kijiji kidogo cha wakulima, kiasi cha kilomita 8 kusini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi iliyojulikana zamani kwa jina la Unyanyembe. Katika kijiji hicho limesimama jengo refu la udongo lenye paa bapa, kuta nene zilizopakwa rangi nyekundu iliyoiva, na mlango mzito wa mbao uliochongwa. Watu wengi hulitaja kama Tembe la Livingstone, kwa sababu David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, aliishi humo kwa miezi kadhaa mwaka 1872. Jina hilo linaeleza sehemu ndogo tu ya habari za nyumba hiyo. Livingstone hakuijenga wala hakuimiliki; alikuwa mgeni aliyekuwa akisubiri mizigo na wapagazi. Nyumba yenyewe ni zao la ujuzi wa ujenzi wa bara na mahitaji ya wafanyabiashara waliotoka Pwani na Oman, na mali iliyoiwezesha kuwepo ni ile ya misafara: pembe za ndovu, nguo, shanga, na binadamu waliouzwa.

Tembe ni nyumba ya mstatili yenye paa bapa la udongo. Aina hii ya ujenzi imeenea katika ukanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Ugogo na Uhehe hadi kwa Wanyaturu, Warangi na Wasandawe, na imefika Unyamwezi, ambako ilijengwa sambamba na msonge, yaani nyumba ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka. Kwa Wagogo tembe huwa fupi kwa kimo na hupinda kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala usiku, hivyo nyumba yenyewe huwa ndiyo boma. Katika karne ya 19, vita na uvamizi vilipozidi bara, faida hiyo ya ulinzi ilithaminiwa sana. Paa la nyasi huwaka kwa kijinga kimoja, lakini paa la udongo haliwaki kirahisi. Tena mtu anaweza kupanda juu yake akatazama anayekuja, akaanika mahindi au mtama, na akapigana akiwa huko huko juu.

Kazi ya kulijenga tembe huanzia porini. Hukatwa nguzo zenye panda, za miti migumu ambayo mchwa hawaipendi, na kuchimbiwa ardhini kwa safu. Juu ya panda hulazwa boriti. Katikati ya nguzo za nje husimamishwa miti myembamba na kufungwa fito kwa kamba za magome ya miti ya miombo, kisha ukuta hukandikwa kwa udongo ndani na nje. Penye uwezo zaidi ukuta hujengwa kwa udongo mtupu uliopandishwa tabaka juu ya tabaka, au kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na unene wake hufika kiasi cha mtu kukaa dirishani bila kutokeza nje. Udongo unaopendwa kwa kusiriba kuta na kutengeneza sakafu ni wa kichuguu. Mchwa wameshauchambua na kuushikamanisha, na ukipondwa, ukilowekwa na kukanyagwa vizuri, hukauka ukawa mgumu na usipasuke ovyo.

Paa ndilo linalodai ustadi mkubwa kuliko sehemu nyingine zote. Juu ya boriti hupangwa fito zilizobanana, juu ya fito hutandazwa nyasi au magome ili udongo usipenye na kudondokea ndani, na juu yake hupakiwa udongo wenye unene wa shubiri moja au zaidi, unaoshindiliwa hadi utulie. Uzito wake ni mkubwa sana, hasa unaponyonya maji, na ndiyo sababu vyumba vya tembe huwa vyembamba: upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti inayoweza kubeba mzigo huo bila kupinda. Fundi asipoupa uso wa paa mteremko kidogo, maji hutuama, udongo hulainika, fito huoza, na mwaka wa pili au wa tatu paa huanguka. Akizidisha mteremko, mvua huuchukua udongo wote. Kipimo cha katikati hakijaandikwa popote. Kimo mkononi mwa aliyejifunza kwa kufanya.

Hapa ipo tofauti inayofaa kuzingatiwa. Ugogo ni nchi kavu, ambako mvua ya mwaka ni haba na paa la udongo hudumu bila taabu nyingi. Tabora iko katika uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua nyingi zaidi kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo tembe la Unyanyembe liko karibu na mpaka wa kile ambacho paa la udongo linaweza kustahimili. Wakazi wake walilazimika kulikarabati kila mwaka kabla ya mvua kuanza, na nyumba iliyokosa mtu wa kuishughulikia haikuchukua muda kugeuka kifusi. Jambo hilo linaeleza kwa nini kati ya matembe mengi makubwa yaliyokuwa Unyanyembe wakati wa misafara, ni machache mno yaliyoacha hata alama ya msingi.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipofika bara hawakuja na mawe ya matumbawe wala chokaa. Walikuta aina ya nyumba inayofaa kwa nchi, wakaichukua na kuirekebisha ili ikidhi maisha waliyoyazoea Unguja na Pwani. Mbele waliweka baraza pana yenye kivuli, ambapo mwenyeji alipokea wageni, akazungumza bei, akanywa kahawa na kusikiliza habari za njia. Nyuma ya mlango kulikuwa na ukumbi wa kuingilia uliopangwa hivi kwamba aliyesimama nje asione ndani. Kisha vilifuata vyumba vya kulala, sehemu ya wanawake, na ghala lisilo na dirisha la nje, ambamo zilihifadhiwa pembe, robota za nguo, mafungu ya shanga na masongo ya waya. Katikati au nyuma kulikuwa na ua wenye jiko, na pembeni vibanda vya watumwa na watumishi. Kuzunguka nyumba kulilimwa bustani za vitunguu na mboga, na kupandwa midimu, mipapai, mikomamanga na miembe. Miembe mikongwe inayoonekana leo kwenye njia ya zamani kati ya Bagamoyo na Ujiji ni urithi wa kipindi hicho.

Mlango wa kuchonga ulikuwa alama ya wazi zaidi ya asili ya mwenye nyumba. Pwani, miimo na kizingiti cha juu cha mlango hutangaza hadhi ya familia. Kupeleka desturi hiyo hadi Unyanyembe, mamia ya kilomita kutoka baharini, kulikuwa kutangaza kwamba mwenye nyumba hakupita njia, alikuwa amekita makazi. Hivyo kwenye nyumba moja hukutana mikono miwili: ukuta na paa ni vya bara, mlango na baraza ni vya Pwani. Mchanganyiko huo ulikuwa pia wa damu. Muhammed bin Juma, baba wa mfanyabiashara maarufu Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliishi Unyanyembe na alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Nyumba kubwa za Tabora zilikuwa nyumba za watu wa namna hiyo, ambamo Kinyamwezi na Kiswahili vilisikika chini ya paa moja.

Makazi ya wafanyabiashara Unyanyembe hayakuwa ya kale sana. Richard Burton, aliyefika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na John Speke, aliandika kwamba mahali hapo palikuwa patupu hadi mwaka 1852 hivi, wakati Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman, na Musa Mzuri, mfanyabiashara kutoka India, walipojenga nyumba na kuchimba visima. Ujenzi wa tembe la Kwihara hutajwa kuwa wa mwaka 1857, mwaka ule ule wa ujio wa Burton. Mahali palichaguliwa kwa busara ya kibiashara. Unyanyembe ilikuwa njia panda: njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja ikaenda magharibi hadi Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi kuelekea nchi za Katanga.

Ni vyema kukumbuka kwamba biashara hiyo haikuanzishwa na Waarabu. Wanyamwezi walikuwa wakisafiri hadi Pwani na bidhaa zao kabla msafara wowote wa Pwani haujatia mguu Unyamwezi, na hata baadaye wapagazi wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo yote. Kirangozi aliyetangulia msafara, mpagazi aliyebeba pembe begani na mtemi aliyetoza hongo, yaani ushuru wa njia, walikuwa nguzo za mfumo mzima. Tembe la Kwihara lilijengwa juu ya ardhi ya Mtemi wa Unyanyembe, jirani na ikulu yake ya Kwikuru, na amani ya waliokaa humo ilitegemea uhusiano wao naye. Uhusiano huo haukuwa mtulivu. Baada ya Fundikira kufariki mwaka 1858, Mtemi Mnywa Sele alijaribu kuwatoza ushuru wafanyabiashara; wakamwondoa madarakani na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sele akapigana nao msituni hadi alipouawa mwaka 1865.

Mkasiwa ndiye aliyekuwa mtemi Henry Morton Stanley alipowasili tarehe 23 Juni 1871. Stanley alikuwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimekatika. Liwali wa Waarabu, Said bin Salim, alimpa nyumba ya kufikia Kwihara. Said mwenyewe alikuwa mzoefu wa Wazungu, kwa kuwa ndiye aliyeongoza msafara wa Burton na Speke miaka 14 kabla. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, Stanley aliieleza nyumba hiyo kwa kina: kuta nene, paa bapa, baraza, ghala, jiko, na vyumba alivyowagawia watu wake. Maelezo hayo ni hazina kwa mtu anayetaka kujua nyumba ya tajiri wa misafara ilitumikaje siku hadi siku, kwani wenye nyumba wenyewe hawakuona haja ya kuandika jambo walilolijua tangu utotoni.

Akiwa huko Stanley alikuta kitu kilichomwonyesha hali halisi ya njia. Msafara wa mizigo ya Livingstone, uliotumwa kutoka Unguja, ulikuwa umekwama Unyanyembe, pamoja na kifurushi cha barua kilichoandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Barua za mtu aliyekuwa akingojwa na dunia nzima zililala ghalani kwa sababu hapakuwa na wa kuzipeleka mbele. Sababu ilikuwa vita. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji baada ya kugombana na wafanyabiashara juu ya ushuru na haki ya kupita. Waarabu walimshambulia mwezi Agosti 1871, na Stanley akajiunga nao. Mirambo aliwavizia, akawatawanya, na tarehe 22 Agosti aliingia Tabora yenyewe. Nyumba nyingi zilichomwa, pembe zikatekwa, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa Waarabu, akauawa.

Moshi ulionekana Kwihara, na wakimbizi wakaanza kumiminika. Hapo ndipo sifa za tembe kama ngome zilipojaribiwa. Stanley aliagiza matundu ya kufyatulia bunduki yatobolewe kwenye kuta, vibanda vilivyozuia macho vibomolewe, mahandaki yachimbwe kuzunguka nyumba, na chakula na maji viingizwe ndani. Watu wapatao 150 wenye bunduki walijipanga ndani na juu ya paa, na bendera ya Marekani ikapandishwa. Mirambo hakuja Kwihara. Maandalizi hayo, hata hivyo, yanaonyesha kwa nini nyumba ilijengwa vile ilivyojengwa. Risasi za magobori ya wakati huo zilikwama kwenye ukuta wa udongo, na paa halikuwa na cha kuwaka.

Stanley aliondoka tarehe 20 Septemba kwa njia ya kusini ili kuukwepa uwanja wa vita, akakutana na Livingstone Ujiji mwezi Novemba kwa hesabu yake mwenyewe. Walirudi pamoja Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Mzungu mmoja wa msafara wa Stanley, John Shaw, alikuwa amefariki hapo Kwihara akiwa mgonjwa. Tarehe 14 Machi Stanley alielekea Pwani akiwa amebeba shajara na barua za Livingstone. Livingstone alibaki, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwaajiri Unguja na kuwarudisha.

Kipindi hicho cha kungoja, zaidi ya miezi mitano, ndicho kilichoipa nyumba jina lake. Livingstone alikuwa na umri wa miaka 59, mwili wake umedhoofishwa na homa na kuhara damu, na akili yake imezama katika swali la chanzo cha mto Nile, ambalo alilijibu vibaya hadi mwisho wa maisha yake. Alihesabu siku, alisoma, aliandika. Tarehe 1 Mei 1872 alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald, akiwaomba Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki. Sentensi moja ya barua hiyo ndiyo iliyochongwa baadaye kwenye kaburi lake London. Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo alikufa.

Barua hiyo na nyumba ilimoandikiwa haviwezi kutenganishwa. Livingstone aliipinga biashara ya watumwa akiwa chini ya paa alilopewa na watu walioishi kwa biashara hiyo. Chakula chake, nguo zake za kulipia na usalama wake vilipitia mikononi mwao. Waandishi wengi wa Ulaya wa karne ya 19 waliuruka ukweli huu kwa sababu uliharibu picha ya shujaa aliyesimama peke yake. Ukweli huo unaipa nyumba uzito mkubwa zaidi. Panapoonekana leo chumba cha msafiri mashuhuri, jirani yake palikuwa na ghala la pembe na watu waliopitishwa njiani wakiwa wamefungwa minyororo shingoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza, lakini usafirishaji wa watumwa bara uliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Watu waliokaa na Livingstone na Stanley ndani ya tembe hilo nao wanastahili kutajwa kwa majina. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa wamesafiri naye kwa miaka. Halima alikuwa mpishi wake, na ndiye aliyeiendesha nyumba kwa maana halisi ya neno. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa kiongozi wa watu wa Stanley hapo Kwihara mwaka 1871, alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, kisha akashiriki katika safari za Burton, Speke, Stanley na, baadaye, Verney Lovett Cameron. Wachache katika karne hiyo waliijua Afrika Mashariki na Kati kwa miguu kama yeye. Mwezi Agosti 1872 waliwasili wapagazi 57 waliotumwa na Stanley, akiwemo Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari India. Tarehe 25 Agosti msafara uliondoka kwenda kusini, na Livingstone hakuliona tena tembe hilo akiwa hai.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na nguo, na kuubeba. Mwezi Oktoba Chuma alitangulia hadi Kwihara na kumkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, akiwa amefikia katika nyumba ile ile, mgonjwa wa homa. Cameron alishauri mwili uzikwe hapo hapo. Wabebaji walikataa. Waliamua wenyewe, bila Mzungu wa kuwaongoza, kwamba mwenzao angefikishwa kwao, na mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na Halima akiwa miongoni mwa walioufuata hadi Pwani. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Uamuzi uliochukuliwa Kwihara na wapagazi hao ni tendo kubwa kuliko lolote jingine lililotokea katika nyumba hiyo, na linastahili nafasi ya kwanza katika maelezo yanayotolewa kwa wageni.

Baada ya hapo Kwihara ilififia. Wajerumani walipoingia bara walikabiliana na Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejiimarisha katika boma lake kubwa la udongo. Mashambulizi kadhaa yalishindwa kuliangusha. Mwezi Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince kilipovunja kuta, Isike aliiwasha baruti aliyokuwa ameihifadhi ili asikamatwe. Boma lile lilikuwa na asili moja na tembe la Kwihara: udongo, boriti na ujuzi wa nchi, na liliwachelewesha askari wenye mizinga kwa miezi. Kisha reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikapoteza soko. Biashara ikahamia karibu na stesheni. Nyumba za Kwihara zilikosa watu wa kupanda juu ya paa kila mwaka na kuongeza udongo, na mvua ikafanya kazi yake.

Kuhifadhiwa kwa tembe kulitokana na uamuzi wa serikali ya Waingereza. Sheria ya kulinda majengo ya kumbukumbu ilitungwa Tanganyika mwaka 1937, na idara ya mambo ya kale ikaundwa mwaka 1957. Ni katika kipindi hicho, mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba iliyokuwa magofu ilipojengwa upya kuwa makumbusho. Kwa hiyo anayeingia leo anaingia katika jengo la wakati wa ukoloni linaloiga na kurithi nyumba ya wakati wa misafara. Hilo halimaanishi kwamba ni bandia. Nyumba ya udongo haijawahi kubaki na udongo wake wa kwanza. Kuta zake husiribwa upya, boriti zake hubadilishwa, na uhalali wake umo katika mahali, ramani ya vyumba na namna ya kujenga. Kinachofaa kuhojiwa ni chaguo la kumbukumbu. Katika Unyanyembe nzima, serikali ya kikoloni ilichagua nyumba moja na kuihifadhi kwa ajili ya wageni wake wawili, na hadi leo vielelezo vingi vilivyomo vinahusu Livingstone, Stanley na safari zao. Fundi, mwenye nyumba, mpagazi na mtumwa wametajwa kwa uchache.

Baada ya uhuru, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliendeleza ulinzi huo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Vituo sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtazamo huo ni sahihi zaidi kuliko ule wa 1957, kwa sababu unaiweka nyumba ndani ya njia iliyoizaa na unampa kila aliyeipita njia hiyo nafasi yake.

Wakati nyumba hii ikihifadhiwa, tembe la kawaida lilikuwa linatoweka. Kuhamia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 kuliwatoa watu wengi katika makazi yao ya zamani, na nyumba mpya zikajengwa kwa safu, moja moja, kila familia na kiwanja chake. Bati likawa ndoto ya kila mwenye nyumba, na kwa haki: halivuji likipigwa vizuri, halihitaji udongo mpya kila mwaka, na maji yake yanaweza kukingwa. Tofali la kuchoma nalo likachukua nafasi ya ukuta wa kukandika, na Tabora, yenye kuni nyingi za miombo kwa ajili ya tanuri za matofali na za kukaushia tumbaku, imeulipia mtindo huo kwa misitu yake. Tembe lina ubaridi mchana na joto usiku, jambo ambalo nyumba ya bati haiwezi kulijivunia, lakini vijana wachache sana wanajua sasa kupima mteremko wa paa la udongo kwa jicho.

Upungufu huo ndio hatari kubwa zaidi kwa tembe la Kwihara, kuliko upungufu wa wageni. Kazi zinazotakiwa zinajulikana na hazihitaji mashine. Kabla ya mvua za Novemba nyufa za paa huzibwa na udongo mpya kushindiliwa, majani yaliyoota juu yake hung'olewa kabla mizizi haijapasua tabaka, na mifereji inayotoa maji huzibuliwa ili yasichuruzike ukutani. Mguu wa ukuta, ambapo matone ya mvua huruka na kula udongo, husiribwa upya. Boriti hugongwa moja moja kusikilizwa kama mchwa wameingia. Inayotoa sauti ya uwazi hutolewa na kubadilishwa kabla haijaiangusha sehemu ya paa iliyo juu yake. Saruji haifai kupakwa juu ya ukuta wa udongo, ingawa huonekana imara: huzuia unyevu usitoke, udongo wa ndani hulainika, na ganda la saruji hubanduka pamoja na sehemu ya ukuta. Wenye kuzifanya kazi hizi kwa usahihi ni wazee wa vijiji jirani waliokulia katika nyumba za udongo, na mpango wowote wa uhifadhi wa Kwihara utalazimika kuwalipa wao na kuwapa vijana wa kujifunza kwao.